Maswali Yenu: Kosa la Shujaa wa Tanzia Liko Wapi?

Makala yetu ya mwezi uliopita kuhusu tanzia, yaani tamthilia ambayo shujaa wake huishia katika maangamizi, yamezaa barua nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, kwa wanafunzi, walimu, wazazi, na hata kwa wazee ambao hawajafungua kitabu cha shule kwa miaka mingi lakini bado wanaitambua hadithi inayomshika mtu kooni. Karibu zote zinauliza juu ya tamthilia za Uingereza za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza na mashujaa wake wanaoanguka. Nimejibu sita.

Mwalimu, mhadhiri wetu anasema Macbeth si tamthilia ya enzi ya Elizabeth, ilhali kitabu cha marejeleo nilicho nacho kinaiweka humo. Nimwamini nani? — Mwanafunzi wa chuo kikuu, Njoro

Katika tarehe, mwamini mhadhiri wako. Katika sanaa, kitabu chako nacho kina hoja. Elizabeth alianza kutawala mwaka 1558 akafariki Machi 1603, na mfalme James akarithi kiti. Othello ilichezwa mbele ya mfalme huyo Novemba 1604, nazo King Lear na Macbeth zikafuata miaka miwili hivi baadaye. Kwa hesabu ya kalenda, basi, kati ya tanzia nne ambazo watu huzitaja kwanza jina la Shakespeare likitajwa, ni Hamlet pekee iliyoandikwa malkia akiwa hai. Hata hivyo waigizaji walikuwa wale wale, jumba la Globe lililojengwa mwaka 1599 kusini mwa mto Thames lilikuwa lile lile, na ushairi ulikuwa ule ule wa mistari isiyo na vina, yenye mizani kumi kumi, ambao Thomas Norton na Thomas Sackville waliutumia katika Gorboduc, tanzia iliyochezwa mbele ya malkia Januari 1562, kisha Christopher Marlowe akautia mdundo wa ngoma kubwa miaka ya 1580. Katika mtihani, taja mwaka, eleza kwamba tamthilia yenyewe ni ya enzi ya James, halafu endelea na uchambuzi wako bila wasiwasi.

Mwalimu, nafundisha fasihi katika shule ya upili. Kila ninaposahihisha insha juu ya shujaa wa tanzia nakutana na sentensi zile zile: "Udhaifu wake ni tamaa", "udhaifu wake ni wivu", kisha mwanafunzi anapita akaendelea na jambo jingine. Nahisi kuna kitu kinachokosekana, lakini sijui nikieleze vipi. — Mwalimu, Kakamega

Mwalimu mwenzangu, kinachokosekana ni tendo. Neno "udhaifu" linamfanya mwanafunzi aione kasoro ya shujaa kama ugonjwa aliozaliwa nao: Macbeth ana tamaa kama mtu mwingine alivyo na pumu, na tamthilia nzima inageuka kuwa kungoja tu ugonjwa umuue. Neno la Kigiriki alilolitumia mwanafalsafa Aristotle, hamartia, lina asili yake katika kurusha mshale usifike ulikolengwa. Kiswahili kimejaliwa sana hapa, kwa maana kitenzi chetu kimoja kinabeba mambo yote mawili: mtu hukosa shabaha, na mtu hukosa mbele ya watu na mbele ya Mungu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafute "udhaifu" waandike "kosa", kisha wajibu maswali ambayo neno hilo linayaleta lenyewe. Alikosa lini? Mkono wake ulikuwa ukilenga nini? Na ni nani aliyekuwa amesimama karibu akimwambia asirushe?

(Uwakumbushe pia kwamba waandishi wa enzi hiyo hawakumsoma Aristotle sana. Mwalimu wao wa tanzia alikuwa Mroma Seneca, ambaye tamthilia kumi zilizobeba jina lake zilitolewa kwa Kiingereza katika kitabu kimoja mwaka 1581, na kwake ndiko walikojifunza mizimu, hotuba ndefu na damu. Neno la Aristotle ni chombo chetu sisi wasomaji.)

Mchukue Brutus katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo msafiri mmoja kutoka Uswisi aliitazama London Septemba 1599, na kwa hiyo ni ya Elizabeth kwa kila hesabu. Roma nzima inamwamini mtu huyu. Tunamkuta usiku bustanini, usingizi umempaa, akijishauri kama amuue rafiki yake. Anaanza na hukumu: lazima Caesar afe. Baada ya hapo ndipo anapoanza kutafuta sababu, naye mwenyewe anakiri kwamba hana kinyongo binafsi na Caesar, wala hajapata kumwona akiburutwa na hisia zake kuliko akili. Kinachobaki ni kwamba Caesar akivikwa taji anaweza kubadilika. Basi na ahesabiwe kuwa yai la nyoka, auawe angali ndani ya ganda.

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma sehemu hiyo na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja karibu na Kisumu, tukitumia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Niliwaomba waiandike hoja ya Brutus ubaoni kwa maneno yao, kila mmoja sentensi moja. Ubao ulipojaa, msichana aliyekuwa ameketi karibu na dirisha alisimama, akachukua chaki, akalipigia mstari neno moja ambalo lilikuwa limejirudia karibu katika kila sentensi: huenda. Huenda akabadilika. Huenda akawa dikteta. Huenda akatudhulumu. "Mwalimu," akasema, "huyu anahukumu kesi ambayo haijatokea." Sijasikia tangu siku hiyo uchambuzi wa kosa la Brutus unaoushinda huo.

Tazama sasa kwamba hapo hamna tamaa wala wivu. Brutus amekosea kwa kudhani kwamba usafi wa nia yake unaweza kusimama mahali pa ushahidi, na kosa hilo analirudia mbele ya macho yetu. Cassius, mwenzake katika njama, anashauri Antony, rafiki wa Caesar, naye auawe; Brutus anakataa, kwa kuwa anataka wawe watoa kafara na si wachinjaji. Cassius anaonya Antony asiruhusiwe kusema mazishini. Brutus anamruhusu, na hotuba ile inauwasha mji. Cassius anataka jeshi lingoje adui ajichoshe kwa safari. Brutus anaamuru waende Filipi, na Filipi ndiko wanakofia. Heshima aliyopewa na Warumi kwa sababu ya dhamiri yake ndiyo iliyowafanya wenzake wanyamaze kila alipokosea. Mwanafunzi akiliona hilo, hawezi tena kuandika sentensi moja akapita.

Macbeth naye, ambaye ndiye mwathiriwa mkuu wa sentensi ya "tamaa", anajua zaidi ya Brutus. Mfalme Duncan yumo nyumbani mwake akila chakula cha jioni. Macbeth anaondoka mezani, anasimama peke yake, na anahesabu sababu za kutomuua: Duncan ni jamaa yangu, Duncan ni mfalme wangu, Duncan ni mgeni wangu, na mimi mwenye nyumba ndiye niliyepaswa kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu mimi mwenyewe. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa hoja hiyo ya tatu. Macbeth ameshaikata kesi na ameikata vizuri, akamwambia mkewe kwamba jambo hili lisiendelee. Mkewe hamshawishi kwa taji. Anamgusa palepale anaposifiwa na watu wote, kwenye ushujaa wake: ulipothubutu, anamwambia, ndipo ulipokuwa mwanamume. Askari ambaye mfalme alimsifu mwanzoni mwa tamthilia kwa kutoogopa kitu anashindwa kuvumilia kuitwa mwoga chumbani kwake.

Halafu, damu ikiwa bado mikononi, anamsimulia mkewe kwamba alisikia watu wawili wakiamka usingizini, mmoja akasema Mungu atubariki, wa pili akaitikia Amina, na yeye alipotaka kuitikia, neno likamkwama kooni. Anauliza kwa nini. Mtu aliyetoka kumuua mgeni wake aliyelala anauliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini hakuweza kusema Amina ilhali yeye ndiye aliyehitaji baraka kuliko wote. Mkewe anamjibu kwamba mambo haya hayafai kufikiriwa hivyo, la sivyo yatatutia wazimu. Na atakayepata wazimu ni mke huyo mwenyewe. Ukiwa na dakika arubaini tu darasani, zitumie zote kwenye Amina hiyo.

Kuhusu Othello na "wivu" wake nitasema jambo moja. Jenerali huyu Mweusi, ambaye Venisi inamtegemea vitani, anatamka waziwazi kwamba kwake kuwa na shaka mara moja ni kuamua mara moja. Huo ni uwezo unaookoa jeshi. Ndani ya ndoa, mbele ya mwongo mwenye subira kama Iago na leso moja iliyoangushwa, ndio uliomuua mkewe, Desdemona.

Je, ni kweli kwamba Juliet na Lady Macbeth waliigizwa na wavulana? — Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Ni kweli. Wanawake hawakupanda majukwaa ya London kama waigizaji wa kulipwa hadi baada ya ufalme uliokuwa umefutwa kurejeshwa mwaka 1660. Kabla ya hapo nafasi za kike zilishikwa na wavulana waliokuwa wakijifunza kazi chini ya waigizaji wazima. Michezo katika majumba ya wazi kama Globe ilichezwa alasiri, kwenye mwanga wa jua, kwa hiyo usiku nao ulijengwa kwa maneno matupu. Ukisikia mhusika akitaja giza, popo na bundi, mwandishi anawasha taa yake, au tuseme anaizima.

Mwalimu, binti yangu anasoma The Spanish Tragedy chuoni na nilipomwomba anisimulie nilisikia watu wakinyongwa, wakichomwa visu, na mmoja akijing'ata ulimi. Je, enzi ile haikuwa na maudhui mengine isipokuwa kisasi? — Mama, Nakuru

Mama, damu imo, na Thomas Kyd alipoiandika tamthilia hiyo miaka ya 1580 alijua watazamaji waliokuwa wamelipa peni moja kusimama uani wanapenda nini. Hata hivyo, ningeomba umwambie binti yako akusimulie upya akianza na kazi ya Hieronimo. Mzee huyu ni hakimu. Riziki yake yote ni kusikiliza mashtaka ya watu wengine na kuwatendea haki. Usiku mmoja anasikia kilio, anatoka kitandani na nguo za kulalia, anamkuta mtu ananing'inia katika bustani yake mwenyewe, anamkata kamba ili amshushe, na mwangaza unapomfikia usoni anaona ni Horatio, mwanawe. Anachovya leso katika damu ya mtoto na kuiweka mfukoni. Waliomuua ni mpwa wa mfalme na mwana wa mtawala wa Ureno, na kila Hieronimo anapojaribu kumfikia mfalme, mpwa huyo yupo njiani. Hakimu amekosa hakimu.

Kuna mahali raia wanamletea karatasi za kesi zao kama walivyozoea. Miongoni mwao yumo mzee mmoja asiyesema neno, ananyoosha tu karatasi yake: naye ameuliwa mwana. Hieronimo anamhurumia, anatia mkono mfukoni amtolee leso ajifute machozi, na leso inayotoka ni ile. Baada ya hapo akili inamruka, anazirarua karatasi za watu kwa meno, na wenye kesi wanalia kwamba gharama zao zimepotea. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la korido ya mahakama, faili kwapani, akiambiwa arudi mwezi ujao, ataelewa kwa nini watu wa London waliirudia tamthilia hii mwaka baada ya mwaka.

Maudhui, kwa hiyo, ni haki iliyofungiwa mlango, na kisasi ndicho kinachopita dirishani. Sheria ya wakati huo na mahubiri ya kanisa vilikataza mtu kujilipizia, na watazamaji walilijua hilo, lakini mioyo yao ilikuwa na baba huyu. Kyd hawaachi watulie. Mwishoni Hieronimo, akisaidiwa na mpenzi wa Horatio, anawaua wauaji ndani ya igizo la harusi, mbele ya wazazi wao wanaodhani ni mchezo, kisha anaomba kisu cha kuchongea kalamu ili aandike maelezo yake, na kwa kisu hicho cha mwandishi anamchoma pia baba wa mpwa yule, mtu ambaye hakushiriki katika kumuua Horatio. Kosa lake limo humo. Kwa chombo cha ofisi, hakimu amemuua asiye na kesi.

Ukitaka maudhui ya pili, mwambie atazame viti vya enzi. Elizabeth hakuwa na mtoto, na kuuliza hadharani ni nani atakayemrithi lilikuwa jambo la hatari. Tangazo la 1559 lilikuwa tayari limewazuia waandishi wa michezo kugusa mambo ya dini na ya utawala. Ndiyo maana wafalme wanaopinduliwa wanapatikana Roma, Denmark au karne zilizopita. Hata huko hapakuwa salama. Onyesho la mfalme akivuliwa taji katika Richard II halikuchapishwa katika matoleo yaliyotoka malkia akiwa hai, lilionekana kwanza mwaka 1608. Na Februari 1601 wafuasi wa bwana mkubwa wa Essex waliwalipa waigizaji wauchezee umma mchezo huo, na kesho yake wakaingia barabarani kuasi.

Mwalimu, mimi ni mzee wa huku Kano na sikusoma sana. Wajukuu wangu wananisomea ukurasa wako. Wazungu hao na mashujaa wao, je, Luanda Magere wetu hawezi kukaa nao? — Mzee, Ahero

Mzee wangu, nakushukuru kwa swali hili, na naomba uniwie radhi nikilieleza kwa ufupi simulizi unalolijua kunipita, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Luanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ilimgonga ikaruka, na majirani waliokuwa wakipigana na Waluo hawakumweza. Wakampelekea msichana mzuri awe mkewe. Wazee walimkataza asimwoe, akamwoa. Siku moja akaugua, na mkewe alipotaka kumchanja dawa wembe ukakataa kupita, ndipo akamwambia achanje kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Usiku ule mke akatoroka na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ukatupwa kwenye kivuli, shujaa akaanguka, akawa jiwe, na jiwe hilo linaonyeshwa hadi leo karibu na mto Nyando.

Kwa maoni yangu anakaa nao bila kubanwa. Maonyo yapo, kama Cassius alivyomwonya Brutus. Hiari ipo, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuoa. Na kosa lake linatoka kwenye nguvu zake zenyewe: mtu ambaye hakuna mkuki uliowahi kumwingia hana sababu ya kujifunza kuogopa. Wapwani nao wana Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na ningemweka meza hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo tamthilia ya London inalifanya na simulizi la kando ya moto halilifanyi, si kwa upungufu bali kwa sababu kazi zake ni nyingine. Simulizi linatuambia alimwambia mke achanje kivuli. Tamthilia ingesimama hapo hapo. Ingezima sauti zote, ingemwacha Magere na homa yake, mke amekwenda kuleta wembe mwingine, na ingemwachia mistari thelathini ya kuzungumza na nafsi yake: nimwambie, nisimwambie, mbona nimechoka kuwa jiwe, ni nani duniani ameugusa mwili wangu ukamsikia. Uzungumzi nafsi wa namna hiyo ndio mchango mkubwa wa waandishi wale, na wajukuu wako wakiuandika, kwa Dholuo au kwa Kiswahili, waniletee nami niusome.

Mwalimu, klabu yetu ya drama inataka kuigiza saa ya mwisho ya Doctor Faustus kwa Kiswahili, tafsiri tumejifanyia wenyewe. Baadhi ya wazazi wanasema tunawaletea watoto mashetani shuleni. Nifanyeje, na niionyesheje? — Mlezi wa klabu, Bungoma

Waalike wazazi hao kwenye mazoezi, na kabla ya mazoezi wasomee mwanzo wa tamthilia, kwa maana wao wataielewa kwa haraka kuliko wahakiki wengi. Marlowe, mtoto wa fundi viatu wa Canterbury aliyesoma Cambridge na akauawa kwa kisu Deptford mwezi Mei 1593 akiwa na miaka 29, anamwonyesha Faustus chumbani kwake, msomi mkubwa kuliko wote Wittenberg, akivitupa vitabu kimoja baada ya kingine: mantiki ameimaliza, utabibu ameumaliza, sheria inamchosha. Anafungua Biblia. Anasoma kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Anasoma tena kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Basi, anasema, lazima tufanye dhambi na lazima tufe. Anaifunga Biblia na kuchukua vitabu vya uchawi.

Mzazi yeyote wa Bungoma aliyewahi kukaa katika shule ya Jumapili atakurukia hapo. Mstari wa Warumi haukuishia mauti. Unaendelea, "bali karama ya Mungu ni uzima wa milele". Na mstari unaofuata ule wa Yohana unasema tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Msomi huyu, mwenye akili iliyozoea kulidaka jambo kabla mwingine hajamaliza kulisema, amesoma nusu ya sentensi mbili na juu ya nusu hizo ameiuza roho yake kwa shetani ili apate miaka ishirini na minne ya uwezo wa uchawi. Shetani Mephistopheles mwenyewe, anapoulizwa juu ya jehanamu, anamsihi aache maswali hayo, akimwambia kwamba aliyewahi kuuona uso wa Mungu hubeba jehanamu popote anapokwenda. Sijui mahubiri yanayoweza kuwatuliza wazazi wako kuliko hayo. Waeleze pia alivyoitumia ile miaka: alimpiga Papa kofi, akampatia mke wa mtawala mmoja zabibu wakati wa baridi, akamuuzia mtu farasi aliyegeuka majani makavu mtoni.

Kuhusu jukwaa, tumia maandishi ya tamthilia yaliyochapishwa mwaka 1604. Yale ya 1616 ni marefu, yanaongeza mashetani wanaotazama kutoka juu na wanachuo wanaookota viungo vya mwili asubuhi, na vinyago vya mashetani ndivyo hasa vitakavyokuponza, kwa sababu watoto watacheka. Acha shetani wako awe saa. Shule nyingi huku kwetu zina kipande cha reli kinachoning'inia mtini, ambacho hupigwa kwa chuma badala ya kengele. Kilete nyuma ya pazia, umpe mwanafunzi asiye na haraka. Sisi tunasema saa tano usiku, lakini saa ya ukutani hugonga mara kumi na moja, nawe gonga zote kumi na moja, polepole, Faustus akiwa amesimama bila kusema. Kisha anaanza. Anaziomba nyota zisimame, anaona damu ya Kristo ikitiririka angani na anasema tone moja lingemwokoa, nusu ya tone. Reli inagonga nusu saa. Wanafunzi wako wahesabu mistari: nusu saa ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, na mwigizaji hana haja ya kuharakisha, kwa kuwa Marlowe ameshamharakisha.

Saa sita inapogonga, mapigo kumi na mawili, anauomba mwili wake uwe hewa na roho yake matone ya maji yapotelee baharini. Maneno yake karibu ya mwisho ni kwamba atavichoma vitabu vyake. Kwa hiyo viweke mezani tangu mwanzo, vile vile alivyovitupa, na usimruhusu mtu yeyote avipange. Taa ya mwisho ibaki juu ya Biblia aliyoifunga, na mwanafunzi mdogo kuliko wote klabuni aje taratibu, aifungue pale palipofungwa, na asome mstari mzima.